Maswali yenu: hilo darasa la wenye vipaji ni la nani?

Jamani wasomaji, toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba shule nyingi zikifungua darasa la wenye vipaji huwa zinaokota watoto ambao tayari wamebebwa, basi meseji zimemiminika mpaka nimeshindwa kujibu moja moja. Wapo walionipongeza, wapo walionichamba, na wapo walioniletea mambo mazito kweli ya watoto wao. Nimechukua machache, nimefupisha ilipobidi na majina nimeyatoa. Kuna swali nimelijibu kwa urefu na kuna lingine nimepita nalo haraka, msinihesabie mistari.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nina mapacha wa miaka saba, wa kike na wa kiume. Shuleni walifanyiwa testi ya kuingia darasa la vipaji, wa kike kapita kwa alama moja juu ya mchujo, kaka yake kakosa kwa alama mbili. Tangu siku hiyo wa kiume kazi yake kusema "mimi sina akili, dada ndo ana akili", hata homuweki hagusi. Baba yao anasema tukubali tu, testi imeshasema. Nifanyeje?
— Mama wa mapacha

JIBU: Marahaba mama. Kwanza mwambie shemeji, kwa heshima zote, testi haijasema hivyo. Testi imesema kwamba siku ile, saa ile, mmoja kapata alama tatu zaidi ya mwenzie, basi. Kila kipimo cha akili kina kiasi chake cha kukosea, hata wanaozitunga hizo testi wanakwambia, ukimpima mtoto yule yule wiki mbili baadae anaweza akapanda au akashuka pointi kadhaa na kichwani kwake hakuna kilichobadilika, labda kalala vibaya, labda kamuogopa yule mgeni anayemuuliza maswali, labda kakutana na fumbo ambalo alishalicheza nyumbani. Sasa ukishachora mstari ukasema juu hapa ni kipaji na chini hapa sio, wale waliokaa jirani na mstari pande zote mbili ni watoto wale wale. Na miaka saba ndo kabisa, alama za mtoto mdogo zinayumba kuliko za mkubwa.

Ngoja nikupe kisa ambacho shemeji atakielewa. Mwaka 1921 huko Marekani profesa mmoja wa chuo kikuu cha Stanford anaitwa Lewis Terman alianza kukusanya watoto wenye akili kupindukia, akapata zaidi ya 1,500 karibu wote wa California, akawafuatilia mpaka utu uzima wao. Mchujo wake ulikuwa IQ, yaani alama ya kipimo cha akili, ya 135 kwenda juu. Katika watoto waliopimwa wakaachwa kwa sababu alama hazikutosha, walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alikuja kupata Nobeli ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi ya transista, kile kifaa kidogo cha umeme kilichomo ndani ya redio na kompyuta, Alvarez akapata yake 1968. Katika wale 1,500 waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyepata Nobeli. Sisemi wale waliochaguliwa walikuwa hovyo, hapana, wengi walifika mbali sana. Ninachosema ni kwamba mtaalamu mkubwa wa vipimo wa zama zile, na pesa zake na wasaidizi wake wote, aliwapita hao wawili akawaacha nje, sasa itakuwa testi ya nusu saa ya shule yenu?

Tena yule aliyeanzisha testi za namna hii, Mfaransa Alfred Binet, yeye na mwenzie Simon walitoa kipimo chao mwaka 1905 kwa kazi moja, kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa zaidi shuleni. Na kabla hajafa alishaandika kuwapinga wale waliokuwa wanasema akili ya mtu ni kiasi kimoja kisichoongezeka. Yaani chombo kilitengenezwa kumtafuta wa kumuongezea msaada, leo kinatumika kumfungia mtoto mlango.

Haya, sasa cha kufanya. Nenda shuleni, usiende kugombana, nenda na maswali mawili. La kwanza, huu mlango unafunguliwa tena lini? Shule inayochagua mara moja ikafunga mpaka mtoto amalize, hiyo ina tatizo na una haki ya kuwaambia hivyo. La pili, kuna somo lolote ambalo anaweza kuingia na wale wenzie? Maana unaweza kukuta kaangushwa na sehemu ya maneno na kwenye hesabu yuko mbele ya dada yake, mmeambiwa jumla tu hamjaonyeshwa vipande. Omba uone vipande.

Nyumbani, hili neno "mwenye akili" lifungieni kabatini kwa wote wawili. Usidhani dada mtu anafaidi, na yeye kabebeshwa mzigo, siku akikosa swali moja ataona cheo kimemtoka. Huyo wa kiume usimwambie "na wewe una akili bwana" kwa sababu hatakuamini, tayari ana karatasi ya shule inayokupinga. Kaa nae kwenye swali moja alilolikosa, moja tu, mpaka alitoe. Kesho yake lingine. Mtoto anaamini alichokitoa kwa mkono wake mwenyewe.

SWALI: Habari mwalimu mwenzangu. Mimi nafundisha darasa la tatu, watoto 58. Ofisi imeniambia nipeleke majina matano ya "wenye vipaji" mpaka Ijumaa waingizwe kwenye programu maalumu. Nikifumba macho matano yananijia haraka haraka, ila nikikumbuka ulichoandika toleo lililopita roho inanisuta. Nichagueje bila kumuonea mtu?
— Mwalimu wa darasa la tatu

JIBU: Mwalimu mwenzangu, swali lako ndo nililipenda kuliko yote, na ukae vizuri maana ntaongea sana.

Hayo matano yanayokujia haraka hebu yaandike kwanza uyaangalie. Naweza kubashiri. Watakuwa wanaonyoosha mkono kabla hujamaliza kuuliza, daftari safi, lugha ya shule imenyooka, wazazi wao unawajua kwa sura kwa sababu wanakuja, na nusu yao wamezaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa kuandikishwa. Hilo la mwisho watu wanalisahau. Darasani mkubwa na mdogo wanaweza kupishana karibu mwaka mzima, na mwaka mzima kwa mtoto wa miaka sita ni moja ya sita ya maisha yake, ndo maana imeonekana nchi nyingi tu wakubwa wa darasa wanapendekezwa sana kuliko wadogo. Unadhani umeona kipaji kumbe umeona miezi kumi.

Sasa sikiliza yaliyotokea Florida, eneo la shule linaitwa Broward, ni moja ya maeneo makubwa ya shule kule Marekani. Kwa miaka walikuwa wanafanya kama ulivyoagizwa wewe, mwalimu au mzazi anapendekeza, ndo mtoto anapelekwa kupimwa IQ. Programu ikajaa watoto weupe na wenye uwezo, wakati zaidi ya nusu ya wanafunzi wa eneo lile ni weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati. Mwaka 2005 wakabadilisha kitu kimoja tu, wakawapa watoto WOTE wa darasa la pili testi fupi ya mafumbo ya maumbo, ile isiyotegemea lugha, na waliofanya vizuri wakapelekwa kwenye kipimo kamili. Vigezo vya kuingia havikulegezwa, vilibaki vile vile. Wachumi wawili, David Card na Laura Giuliano, wakafuatilia matokeo. Watoto wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati waliotambuliwa walitoka asilimia 2 wakafika 6, weusi kutoka 1 mpaka 3. Hawa watoto walikuwepo siku zote! Walikaa kwenye madawati yale yale mbele ya walimu wale wale, hakuna aliyewataja. Halafu bajeti ilipobana wakaiondoa ile testi ya wote, na pengo likarudi.

Na usidhani ni ubaya wa roho wa walimu. Watafiti Jason Grissom na Christopher Redding mwaka 2016 walionyesha kwamba kule kule Marekani mtoto mweusi mwenye alama sawa kabisa za hesabu na kusoma na mwenzie mweupe, nafasi yake ya kuwekwa darasa la vipaji ilikuwa kama nusu tu, ila akifundishwa na mwalimu mweusi hilo pengo linapungua mno. Mwalimu anamuona haraka mtoto anayefanana na watoto anaowajua. Ndo tulivyo wote, mimi na wewe tumo.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa fanya hivi. Wape wote 58 swali moja ambalo halikufundishwa, halihitaji maneno mengi, na halimalizwi kwa kukariri. Mimi nalipenda hili, kuanzia 1 mpaka 100 ni namba ngapi zina tarakimu ya 7 ndani yake? Usiwasaidie, usiwaharakishe, wape karatasi ya kuchafua. Wengi watasema 10. Wengine watakumbuka zile za sabini na kitu watasema 20. Halafu utapata mmoja, na nakuapia unaweza kukuta sio katika wale watano wako, ataandika 19, na ukimuuliza atakwambia 77 umeihesabu mara mbili. Zunguka, angalia karatasi, soma hasa sehemu walizokatakata. Wiki nzima toa maswali ya aina hiyo, moja la namba, moja la maumbo, moja wasimulie hadithi kwa lugha yoyote wanayoiweza. Ukifika Alhamisi utakuwa na orodha nyingine.

Tena angalia wanaokusumbua. Kuna siku nilikaa nyuma ya darasa la mwenzetu mmoja, mtoto kapewa 98 + 47, kaandika 145 hana hatua hata moja, kakatwa alama na kugombezwa juu, manake alishamaliza anawachokoza wenzie. Nikamuuliza taratibu umelipataje, akanijibu "nimechukua mbili kwa arobaini na saba nikaipa tisini na nane ikawa mia." Akarudi kuchokoza watu. Huyo hajawahi kupendekezwa popote. Ripoti yake imeandikwa "mtundu, hana utulivu".

Na wale wanaosoma kwa shida, herufi zinawaruka, usiwapite. Mtoto anaweza kuwa na tatizo la kusoma na hapo hapo ana kichwa cha hesabu au cha ufundi cha ajabu, na hivi viwili vinafichana, akili inamsaidia kuficha shida na shida inaficha akili, mwisho wa siku anaonekana wa kawaida tu na hapati msaada wa upande wowote.

Halafu wewe ukishapeleka majina matano, andika chini yake kwamba unao wengine saba wa kuangaliwa. Hawakuomba, andika tu. Wakitaka watano ni kwa sababu ya viti vyao. Vipaji havijui viti vipo vingapi.

SWALI: Mwalimu mbona unazunguka mbuyu? Sema tu haya madarasa yafutwe. Wanakusanya vipanga, wanawapa mwalimu mzuri na vitabu, wetu wanabaki vilaza na mwalimu aliyechoka. Watoto wote ni sawa, wakae pamoja, mwenye akili atafaulu popote. Nimekasirika na sitaki majibu ya kisiasa.
— Baba mwenye hasira

JIBU: Kaka yangu hasira yako ina msingi. Kukusanya vipanga halafu ukawapa na mwalimu bora, huo ni uonevu na nakuunga mkono asilimia mia. Ila kuna sentensi moja nakukatalia, hiyo ya "mwenye akili atafaulu popote". Hapana. Mwenye akili ambaye baba yake ana hela ndo atafaulu popote, maana ukifuta darasa la vipaji leo, kesho mtoto wake yupo tyusheni. Anayepotea ni yule kipanga wa mtu asiye na kitu, ambaye shule ndo ilikuwa mahali pekee pa kukutana na swali gumu. Angalia New York, miaka mingi walikuwa wanawapima watoto wa miaka minne, minne jamani, ili waingie programu ya vipaji, na wenye nazo wakawa wanawapeleka watoto wao kufanyiwa mazoezi ya ile testi. Mwaka 2021 meya Bill de Blasio akatangaza programu itaondolewa, 2022 meya mpya Eric Adams akairudisha na kuipanua. Watoto wanavutwa huku na kule kama kamba, na swali la nani anafundishwa nini darasani halijaguswa.

Na kuhusu kuwatenganisha kwenyewe, ukweli una pande zake. Ukigawa watoto mapema, shule hii ya wajanja shule ile ya wengine, matokeo ya kidunia hayapendezi. Eric Hanushek na Ludger Woessmann mwaka 2006 walilinganisha nchi zinazogawa mapema na zinazochelewa kugawa, wakakuta kugawa mapema kunatanua pengo kati ya watoto, na faida ya wazi kwenye wastani wa jumla haikuonekana. Ujerumani sehemu kubwa wanagawa mtoto akiwa na miaka kama kumi. Uingereza baada ya sheria ya elimu ya 1944 walikuwa na mtihani wa miaka kumi na moja unaoamua uende shule gani, na mpaka leo England bado ina shule 163 za kuchagua namna hiyo. Miaka kumi, kumi na moja, ni mapema sana kumwambia mtoto njia yako ni hii.

Lakini kuna utafiti mwingine, huu ulifanyika magharibi mwa Kenya kuanzia 2005, shule za msingi 121, na umeandikwa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Madarasa ya kwanza yalikuwa yamejaa, akaongezwa mwalimu wa pili, darasa likagawanywa mara mbili. Shule nyingine ziligawa kwa kubahatisha, nyingine kwa kiwango cha mtoto, wa juu huku wa chini huku. Baada ya mwaka na nusu waliogawanywa kwa kiwango walifanya vizuri zaidi, na sikiliza hapa kaka, WOTE, wa juu na wa chini. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu sasa aliweza kufundisha kuanzia pale watoto walipo. Darasa likiwa mchanganyiko mkubwa mwalimu anafundisha wachache wa mbele tu.

Na kuna kitu kimoja kwenye ule mpango ambacho ndo hasira yako yenyewe, walimu walipangwa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyesema mwalimu mzuri aende kwa vipanga. Kwa hiyo ukienda kwenye kikao cha wazazi usiseme "futeni". Uliza nani anafundisha kundi la chini, na amesomea nini, na anafika kazini siku ngapi kwa wiki. Wakikosa jibu hapo umewashika.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Tuna hela ya kitu kimoja tu, ama darasa la vipaji ama darasa la wanaobaki nyuma. Tumegawanyika nusu kwa nusu. Unashaurije?
— Mjumbe

JIBU: Mheshimiwa mjumbe, mnabishania lebo za mlangoni. Hela hiyo hiyo inaweza kufanya yote mawili kama mtaacha kujenga darasa na mkaanza kupanga saa. Kule India shirika la Pratham wamefanya hivi miaka mingi, sehemu ya siku watoto wanaacha madarasa yao wanakaa kwa kiwango chao cha kusoma na hesabu, haijalishi una miaka mingapi, kisha wanarudi kwenye darasa lao la kawaida. Kila baada ya muda mfupi wanaangaliwa upya na kuhamishwa. Wao waliianzisha kwa ajili ya waliobaki nyuma, ila hakuna kinachozuia kundi la juu kabisa nalo liwe na saa yake, lipewe mambo ya mbele. Hesabu kundi hili, kusoma kundi lile, mtoto mmoja anaweza kuwa juu huku na kati kule.

Mkishupalia darasa la vipaji basi, yapo mawili msiyaruke. Viti vikibaki visikae vitupu. Pale pale Broward, Florida, nilipopataja juu kwenye jibu la mwalimu, kulikuwa na sheria, shule yenye hata mtoto mmoja wa kipaji inafungua darasa lake, na viti vinavyobaki vinajazwa na waliofanya vizuri mtihani wa mwaka uliopita, hata kama IQ yao haikufika. Card na Giuliano wale wale wakaja kukuta waliofaidika sana kwenye alama ni hawa wa viti vya kujazia, hasa weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati, walipanda mno kusoma na hesabu, na waliobaki madarasa mengine hawakushuka. Wale wa IQ kubwa wenyewe alama zao hazikubadilika kihivyo. Hapo mtaona mtoto anayejituma aliyenyimwa jina la kipaji ndo anayeitaka hiyo nafasi kuliko mtu mwingine.

Na kama mnachagua kutoka shule nyingi, chukueni wa juu wa kila shule badala ya mstari mmoja wa wote. Texas walipitisha sheria mwaka 1997, aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yake ya sekondari anapewa nafasi chuo kikuu cha umma cha jimbo, shule iwe ya matajiri au ya vumbi. Ina mivutano yake, ila wazo ni zuri, mlinganishe mtoto na wale waliopata walimu na vitabu kama vyake.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 16, toka nna miaka nane nipo mkondo wa vipaji. Zamani nilikuwa napata zote bila hata kusoma. Mwaka huu fizikia imenishinda, nimefeli mara mbili, na sijamwambia mtu. Nahisi walinikosea kunichagua, siku yoyote watagundua.
— Niliyefika mwisho

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na ahsante kwa kuniamini. Hakuna cha kugundua. Umefika mahali ambapo wenzio wa madarasa ya kawaida walifika wakiwa na miaka tisa, kukutana na kitu kigumu, na wao wakajifunza kuuliza, kurudia, kukosea mbele za watu. Wewe miaka nane yote uliambiwa una kipaji na hakuna aliyekupa swali linalokushinda, kwa hiyo hukupata nafasi ya kujifunza hayo. Hilo ni kosa la mkondo wako.

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha jaribio moja na watoto wa darasa la tano, waliofanya vizuri kundi moja wakasifiwa "una akili", lingine "umejitahidi". Walipopewa mafumbo magumu wakashindwa, waliosifiwa akili ndo waliokata tamaa haraka, na wao ndo walioongoza kudanganya alama zao walipoambiwa waziandike kwa mtoto wa shule nyingine. Unaona? Ni hiyo hiyo siri yako ya kutomwambia mtu.

Mwambie mtu mzima mmoja wiki hii, anza na mwalimu wa fizikia mwenyewe, mpelekee ule mtihani uliofeli, usimpelekee maelezo ya wewe ni nani. Muulize nimeanza kupotea swali la ngapi. Mara nyingi utakuta ni sehemu moja ya chini, mfano vekta au kugeuza fomula, uliiruka zamani kwa sababu ulikuwa unabahatisha majibu kichwani. Na kama mawazo ya kujiona hufai yanakuwa mazito mpaka usingizi unakata, hilo lisisubiri fizikia, mwambie mzazi au mshauri wa shule leo leo. Niandikie tena.

SWALI: Shule inataka kumrusha darasa binti yangu wa miaka tisa. Bibi yake anasema ataharibika, atakosa utoto. Nikubali?
— Mama B

JIBU: Mama B, tafiti nyingi za kuwarusha watoto zinaonyesha kimasomo wanafanya vizuri, na lile la kuharibika kwa kukaa na wakubwa haliungwi mkono sana na matokeo. Kwa shule isiyo na hela ni njia rahisi kuliko zote, haihitaji jengo wala mwalimu mpya. Bibi asibezwe lakini, anamjua mtoto. Kaeni muangalie, mwili wake umekaaje na wale wakubwa, ana rafiki hata mmoja kule anakoenda, na yeye mwenyewe anataka? Ombeni majaribio ya muhula mmoja, na mkubaliane mapema kabisa, kwa maandishi, kwamba akirudi haitaitwa kufeli. Kama kinachomzidi ni somo moja tu, mfano hesabu, basi aende darasa la juu kipindi hicho na arudi kwa wenzie, shule nyingi zinasahau kwamba hilo nalo linawezekana. Na waulizeni hivi, ni watoto wangapi wengine walioangaliwa kabla ya kumfikia wa kwako? Kama jibu ni hakuna, wapelekee lile swali la tarakimu ya 7 hapo juu, wampe kila mtoto wa darasa lile.